Wenye Fedha na Wenye Kalamu: Uongozi wa Studio na Filamu za Katuni Afrika Mashariki

Filamu ya katuni hutengenezwa polepole na kwa gharama kubwa. Televisheni ya Tanzania huonesha picha 25 kwa kila sekunde. Hata mchoraji akishikilia kila mchoro kwa picha mbili, kipindi cha dakika 11 bado kinadai michoro zaidi ya 8,000. Mwigizaji wa tamthilia anaweza kuongeza neno la kuchekesha palepale mbele ya kamera. Katika katuni hakuna linalotokea lenyewe. Kila kope inayopepesa imewekwa na mtu, na mtu huyo anasubiri mshahara mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi au kioo cha kompyuta, lazima awepo mkubwa aliyekubali kulipia miezi mingi ya kazi ambayo hajaiona. Anachoamini mkubwa huyo kuhusu watazamaji, na anachotaka kurudishiwa kwa fedha zake, huingia ndani ya mchoro hata kama yeye mwenyewe hajui kuchora.

Mtoto anayekaa mbele ya televisheni Maili Moja, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, huonja matunda ya uamuzi wa namna hiyo kila siku. Sehemu hizo za Mkoa wa Pwani zinapakana na Dar es Salaam, mji ambao kwa muda mrefu umekuwa makao ya filamu na televisheni za Tanzania Bara. Zina shule, zina mashamba ya mihogo na korosho, zina ving'amuzi juu ya meza na vibanda umiza kando ya barabara. Watu wake ni wa aina ile ile ambayo wakuu wa filamu, tangu enzi za ukoloni, wamekuwa wakiikisia wakiwa mbali: mtazamaji wa shamba, asiye mbali na mji, anayeongea Kiswahili. Makisio hayo yamebadilika mara kadhaa, na kila yalipobadilika, filamu nazo zilibadilika.

Makisio ya kwanza yalihusu akili ya mtazamaji mwenyewe. Mwaka 1929 mwanabayolojia Mwingereza Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwaonesha wanafunzi wa shule filamu za mafunzo, ili ifahamike kama zingefaa kufundishia. Aliporudi aliandika kwamba watoto walizielewa na kuzifurahia. Miaka michache baadaye, kati ya 1935 na 1937, likafuata jaribio kubwa zaidi huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Lilijulikana kwa kifupi kama BEKE, likapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York, na mkuu wake wa kazi za uwandani alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kusimamia mashamba makubwa. Walitengeneza filamu 35 hivi, zikiwamo za kodi, akiba ya posta, chai, mmomonyoko wa udongo na minyoo ya safura, kisha wakazitembeza kwa lori lenye jenereta Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland. Sauti zilirekodiwa kwenye sahani, Kiswahili kikiwamo. Orodha ya mada inaonesha wazi meza ya nani ilikuwa inaandaliwa: hizo zilikuwa hoja za bwana shamba, bwana afya na mkusanya kodi. Jaribio lilipokwisha, serikali za makoloni hazikutaka kuligharamia, nalo likafungwa.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni na kumweka William Sellers kuwa mkuu wake. Sellers alikuwa ofisa wa afya aliyefanya kazi Nigeria, na alikuwa na msimamo uliokuja kuwa amri kwa watengenezaji filamu wote waliokuwa chini yake: Mwafrika wa kijijini, kwa maoni yake, hawezi kufuata filamu inayokwenda mbio. Picha zikae muda mrefu, kamera isihamehame, muda usirukwe, na hila za kamera zisitumike kabisa. Kilichosimuliwa sana kutetea msimamo huo ni kisa cha wanakijiji waliooneshwa mbu aliyekuzwa akajaa pazia zima, kisha wakasema hatari hiyo haiwahusu kwa kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile. Wanahistoria wa baadaye wameona kwamba huenda wanakijiji wale walikuwa wakimtania mwoneshaji. Wakubwa hawakuliwaza hilo. Walikuwa wamekwisha kuamua.

Hasara iliyoipata sanaa ya katuni hapo haijasemwa vya kutosha. Katuni yote ni hila: kitu kisicho hai kinasogea, mnyama anaongea, mwezi unashuka chini. Mila za simulizi za pwani zimejaa sungura wajanja, fisi walafi na majini wanaobadilika umbo, na watoto wa Kisarawe walikuwa wakizielewa hadithi hizo kabla hawajajua kusoma. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi imani ya mkuu mmoja wa ofisi London iliifanya aina ya filamu iliyo karibu zaidi na hadithi hizo ionekane kuwa ndiyo isiyowafaa. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 1955.

Mfano unaoonesha kwamba watazamaji hawakuwa na shida ulikuwa hapahapa. Mwaka 1951 serikali ya Tanganyika iliipa kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kazi ya kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Kati ya zilizotoka ni Muhogo Mchungu, inayomhusu mtu wa shamba anayefika mjini na kuingia mikononi mwa matapeli. Mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, na baadaye, mwaka 1962, Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kisarawe, makao ya wilaya iliyoitwa Uzaramo, ilikuwa safari fupi kutoka Dar es Salaam, mji uliochezwa kwenye filamu. Hadithi ilikuwa na mbio, udanganyifu na kicheko, nayo ikapendwa.

Baada ya uhuru, uongozi ulihamia kwenye mashirika ya umma. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaja Taasisi ya Picha na Sauti, kwa msaada wa Denmark. Zote mbili zilitengeneza filamu za watu halisi: ujamaa, kilimo, elimu ya watu wazima, afya. Katuni haikupata nafasi, na sababu kuu haikuwa dharau. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini serikali ya Bara iliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini, ikaiweka redio mbele. Televisheni za binafsi ziliruhusiwa na kuanza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwazo, na ile ya serikali ikafuata miaka michache baadaye. Studio ya katuni haiwezi kuishi bila mahali pa kuonesha kazi zake kila wiki. Uamuzi huo mmoja wa sera, wenye sababu zake zinazoeleweka, uliahirisha fani nzima kwa kizazi kimoja.

Vipaji havikukaa bure. Vilikwenda magazetini. Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory katika magazeti ya chama, aliwachekesha wasomaji tangu miaka ya 1960. Jarida la Sani likawapa watu Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, wahusika ambao Watanzania wenye umri wa makamo huwakumbuka kwa sura na tabia zao. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, aliwachora kwa mistari yenye mwendo kiasi kwamba ilibaki hatua ndogo tu wasimame na kutembea. Wachoraji walikuwepo, wahusika walikuwepo, wasomaji walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kulipa mishahara ya miezi kumi na minane bila kuuza nakala hata moja.

Wakati huohuo ng'ambo tayari kulikuwa na mifano ya jinsi ofisi ya mkubwa inavyoweza kukuza au kunyausha studio. Walt Disney alihatarisha kampuni yake yote kwa Snow White, iliyotoka mwaka 1937, naye akafaulu. Lakini mwaka 1941 wachoraji wake waligoma. Walilalamikia mishahara isiyo sawa na majina yao kutotajwa, na moto uliwaka zaidi alipofukuzwa Art Babbitt, mchoraji hodari aliyejiunga na chama cha wafanyakazi. Disney aliuchukua mgomo kama usaliti. Baadhi ya walioondoka walikuwa nyuma ya studio ya UPA, ambako waliacha uchoraji wa kuiga maumbile, wakachagua maumbo bapa na rangi chache. Katuni yao Gerald McBoing-Boing ilipata tuzo ya Oscar kwa filamu za mwaka 1950. Mtindo mzima wa katuni ulichipuka kutoka kwenye ugomvi wa kazini, na mtindo huo wa maumbo bapa ndio uliokuja kuzifaa studio zenye fedha kidogo duniani kote, Dar es Salaam na Nairobi zikiwamo.

Mfano wa pili ni wa Toy Story. Pixar, iliyonunuliwa na Steve Jobs mwaka 1986, ilikuwa ikitengeneza filamu hiyo kwa fedha za Disney. Jeffrey Katzenberg, mkuu wa filamu wa Disney, alisisitiza wahusika wawe na ulimi mkali zaidi. Wachoraji walitii kila agizo, na mwezi Novemba 1993 walipoonesha kazi iliyokusanywa, Woody alikuwa amegeuka mwanasesere mkatili asiyependeka. Disney ilisimamisha uzalishaji. Kikundi cha Pixar kikaomba muda, kikaiandika upya hadithi kama kilivyoiamini tangu mwanzo, na filamu iliyotoka mwaka 1995 ikabadilisha fani. Pixar baadaye ilijijengea utaratibu ambamo waongozaji husomeana kazi na kusema ukweli wote, lakini ushauri wao haumfungi mwongozaji kuufuata. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu kwenye studio nyingi maoni ya aliyeshika fedha hupokelewa kama amri, hata pale yeye mwenyewe alipokuwa anawaza kwa sauti tu.

Katzenberg huyohuyo alikuwa madarakani ilipotengenezwa The Lion King ya mwaka 1994. Watu wa studio walitembelea Kenya wakachora mandhari, na filamu ikavaa majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Maneno "hakuna matata", yaliyokuwa yakisemwa na watu wa pwani bila kumlipa mtu, yaliombewa alama ya biashara kwa ajili ya fulana mwaka 1994, na usajili ukakamilika Marekani mwaka 2003. Malalamiko ya hadharani yalikuja mwaka 2018, miaka ishirini na minne baada ya ombi kuwasilishwa. Kisheria alama hiyo haimzuii mtu kusema maneno hayo. Kinachouma ni kwamba lugha ya pwani iliingia kwenye filamu iliyoingiza fedha nyingi kupita katuni zote za wakati wake, na hakuna mchoraji wala studio ya pwani iliyokaa kwenye meza ya uamuzi.

Sanaa ya Tanzania ilipata njia nyingine ya kuingia kwenye katuni, nayo ilianzia kwa mtu aliyekuwa hana studio yoyote. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kupaka picha Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Alitumia mbao laini za kiwandani, kiasi cha futi mbili kwa mbili, na rangi za mafuta zinazong'aa za kupakia milango na baiskeli. Alianza na rangi ya nyuma, moja au mbili, akaiacha ikauke. Kisha akaweka mnyama mmoja mkubwa, chui au tembo, aliyejaza ubao karibu wote, asiye na kivuli wala umbali, na mwisho akamjaza madoa, kila doa likiwa tone moja la brashi. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo katika eneo la Oyster Bay, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika.

Mtu aliyewahi kukaa na wachoraji wa katuni ataona mara moja kwa nini mnyama wa Tingatinga anafaa kusogezwa. Katika katuni za vipande, kichwa huchorwa peke yake, shingo peke yake, kila mguu peke yake, kisha vipande hubebana kwenye kompyuta kama kikaragosi, na maungio hufichwa. Mnyama mwenye vivuli na manyoya huonesha mshono kila anapogeuka. Mnyama bapa mwenye rangi moja na madoa huuficha. Kilichoanza kama njia ya fundi maskini ya kutumia rangi chache kikawa, miaka arobaini baadaye, msaada kwa fundi wa kompyuta.

Aliyeliona hilo alikuwa Claudia Lloyd, aliyeongoza kazi za katuni kwenye kampuni ya Tiger Aspect ya London. Mfululizo wake, Tinga Tinga Tales, ulikuwa na vipindi 52 vya dakika 11, uliagizwa na idhaa ya watoto ya BBC pamoja na Disney, na ulianza kuonekana Uingereza mwaka 2010. Uamuzi wake mkubwa zaidi wa kiuongozi haukuhusu hadithi bali mahali. Kazi haikupelekwa Asia kwenye viwanda vya bei nafuu, kama ilivyokuwa kawaida. Ilipelekwa Nairobi, kwa Homeboyz ya Myke Rabar, kampuni iliyojulikana zaidi kwa muziki na matamasha. Makumi ya vijana wa Kenya, wengi wakiwa hawajawahi kufanya mfululizo wa televisheni, walifundishwa kazini hadi wakaumaliza. Mwanamuziki Eric Wainaina alichangia nyimbo.

Mfululizo huo ni mzuri, na watoto wa nchi nyingi waliupenda. Lakini mipaka yake iliwekwa mapema na waagizaji. Lugha ya kwanza ilikuwa Kiingereza, na tembo alipata sauti ya mchekeshaji wa Uingereza Lenny Henry. Kila kipindi kilijibu swali la asili ya mnyama fulani, kwa urefu uliotoshea ratiba ya asubuhi ya idhaa ya London. Hadithi za Afrika zenye kifo, ulipizaji au mwisho usio na suluhu zililainishwa ziwafae watoto wadogo. Jina lilikuwa la mchoraji wa Dar es Salaam, mikono ilikuwa ya Nairobi, idhini ya mwisho ilikuwa London. Vipindi 52 vilipokwisha na oda mpya haikuja, wachoraji walitawanyika. Wengi waliingia kwenye matangazo ya biashara na studio ndogo, na ufundi waliopata hapo ulienea Nairobi nzima. Huo ndio urithi wa kudumu wa mradi ule.

Kabla yake UNESCO ilikuwa imejaribu njia tofauti. Mpango wake wa kufundisha katuni barani Afrika ulianza kwa warsha Zanzibar mwaka 2004 na kuendelea Nairobi. Warsha zilikusanya wachoraji wa nchi mbalimbali na kila mmoja aliondoka na filamu fupi. Hakukuwa na mwagizaji wa kuridhisha, na kazi zilikuwa za kila namna. Hakukuwa pia na mshahara warsha ilipofungwa. Huko Kongo, Jean-Michel Kibushi alikuwa amekwisha kuishi hali hiyo tangu alipoanzisha studio yake Malembe Maa mwaka 1988: alikuwa kiongozi na mchoraji kwa pamoja, alipata msaada wa warsha za Ubelgiji, na aliweza kutengeneza jambo ambalo hakuna mkuu wa idhaa ya watoto angelikubali, filamu fupi kuhusu uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Uhuru wake ulikuwa mkubwa. Filamu zake ni chache.

Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ndiyo studio ya kwanza ya Tanzania iliyoweza kutoa katuni za Kiswahili mwaka hadi mwaka. Waanzilishi wake walikuwa Nisha Ligon, Cleng'a Ng'atigwa, Tom Ng'atigwa, Rajab Semtawa na Arnold Minde. Ligon, aliyetoka kwenye utengenezaji wa filamu za sayansi, ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 mwezi Januari 2014. Kibena, Kiduchu na wenzao hukwama kwenye tatizo, na tatizo hilo hutatuliwa kwa hesabu au sayansi, mara nyingi kwa wimbo. Mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, hata simu ya kitochi. Uamuzi huo mdogo unaonesha uongozi uliowajua watazamaji wake: nyumba nyingi Kisarawe hazikuwa na intaneti, lakini mtu mzima mwenye simu ya vitufe alikuwepo.

Wakati nao ulisaidia. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na familia zikalazimika kununua ving'amuzi. Wengi walinung'unika kwa gharama, lakini waliokwishanunua walipata chaneli nyingi zaidi, nazo chaneli zilihitaji vipindi.

Tatizo lilikuwa kwamba vituo vya Tanzania havina desturi ya kulipia vizuri vipindi vya watoto. Katuni ya kigeni hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa gharama yake imekwisha kurudi kwao. Uongozi wa Ubongo ulichagua kuifanya taasisi kuwa ya kijamii isiyogawana faida, kuvipa vituo vipindi bila kuvidai bei ya uzalishaji, na kutafuta fedha kwa wafadhili. Mmoja wa wafadhili wa mwanzo ulikuwa mfuko wa ubunifu wa maendeleo ya watu, HDIF, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza. Chaguo hilo ndilo lililoamua sura ya katuni zake kuliko kalamu ya mchoraji yeyote.

Mfadhili wa elimu hanunui kicheko. Ananunua mabadiliko yanayopimika. Akili and Me, katuni nyingine ya Ubongo inayomhusu msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro ambaye akilala huingia kwenye nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama, imejengwa juu ya kuhesabu, herufi, maumbo na hisia. Watafiti waliowapima watoto zaidi ya 500 wa shule za awali Morogoro waliona waliotazama katuni hiyo wamepiga hatua katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu na hata Kiingereza. Ni ushahidi ambao studio chache duniani zinao. Nidhamu hiyo pia imezaa ubora wa kisanaa: rasimu huoneshwa watoto kabla hazijakamilika, na pale macho yao yanapotoka kwenye kioo, kipande hubadilishwa. Mwendo ni mpole, nyimbo zina mdundo unaojulikana mitaani, na Kiswahili chake ni cha watu wanaokiongea nyumbani.

Upande mwingine, mtu akiangalia vipindi vingi mfululizo ataona kisichokuwepo. Ni nadra kumkuta mhusika mwovu kwelikweli, au hadithi isiyofundisha. Ndumilakuwili wa Sani, tapeli aliyependwa kwa utapeli wake, asingepita kwenye ombi la fedha. Hilo si kosa la wachoraji wala la viongozi wao. Ni mkataba wenyewe. Inafaa tu kukumbuka kwamba mtoto wa Kiswahili anahitaji pia ujinga wa fisi na ujanja wa sungura bila somo la hesabu nyuma yake, na hadi sasa hakuna ofisi Tanzania iliyolipia jambo hilo kwa kiwango kilekile.

Kibaha inao mfano wake wa zamani wa uhusiano kama huu wa mfadhili na anayefadhiliwa. Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na Denmark, Finland, Norway na Sweden kujenga kituo cha elimu, chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya Tumbi. Nchi hizo zilileta walimu na mipango yao, na mwaka 1970 kila kitu kikakabidhiwa serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Baada ya makabidhiano, aliyeamua nini kifundishwe alikuwa Mtanzania, na majengo yalibaki palepale. Studio ya katuni haina majengo ya kukabidhi. Mali yake ni watu wenye ujuzi na haki za wahusika, na vyote viwili huondoka kirahisi. Ubongo imezishika haki za wahusika wake, ndiyo maana imeweza kuwapeleka Kibena na Akili kwenye Kiingereza, Kifaransa, Kihausa na Kinyarwanda.

Kampala ilifuata njia ya tatu. Raymond Malinga na studio yake, Creatures, walitoa mwaka 2017 filamu fupi A Kalabanda Ate My Homework, kuhusu zimwi la shule za bweni ambalo kila mwanafunzi wa Uganda amelisikia. Haikuagizwa na mfadhili wala idhaa. Ilikuwa hadithi waliyoitaka wao. Filamu hiyo iliwatangaza, na Malinga akawa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu kumi fupi uliotolewa na Disney+ mwezi Julai 2023. Ng'endo Mukii wa Kenya alikuwemo pia, na studio ya Triggerfish ya Cape Town ilisimamia uzalishaji.

Katika Kizazi Moto uongozi wa Disney ulifanya jambo ambalo Sellers asingelifikiria: uliweka mada kuu, Afrika ya siku zijazo, kisha ukamwachia kila mwongozaji mtindo, wahusika na dini za kwao. Herderboy ya Malinga inachukua wafugaji na kuwapa mapambano ya kichawi, na Enkai ya Mukii inamhusu binti wa mungu anayeumba dunia. Ni kazi za kijasiri, tofauti kabisa moja na nyingine, na jina la mkusanyiko mzima linaanza kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Hata hivyo, zilipotoka, Disney+ ilikuwa haijazinduliwa Tanzania, Kenya wala Uganda. Mtoto wa Kibaha aliyetaka kuziona alitegemea nakala za mitaani, wakati Akili aliendelea kumfikia bure kupitia king'amuzi. Haki za filamu hizo kumi zimo mikononi mwa aliyezilipia, kwa hiyo hata mwongozaji akitaka kuendeleza hadithi yake kwa Kiganda au Kiswahili, ataanza kwa kuandika barua ya kuomba ruhusa.